Re: City Oilers watawala Lugogo, mbona BAL wanakwama?

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini Oilers, timu ya mpira wa kikapu waliotwaa ubingwa wa Uganda mfululizo kuanzia 2013, walienda Cairo kwenye BAL (ligi ya klabu bingwa za kikapu Afrika) 2023 na 2024 wakatolewa kwenye makundi mara zote mbili, na kama wana mustakabali.

Kabla ya kulaumu mitupo, angalia saa. Timu ina sekunde 8 kuvuka nusu ya uwanja, na hizo zimo ndani ya zile 24 inazopewa kutupa mpira kikapuni katika shambulizi. Mchezeshaji wao, Jimmy Enabu, akibanwa tangu chini ya kikapu chake, akavuka sekunde ya 7, zimebaki 17. Kupanga mchezo kunakula 4 au 5, pasi ya kwanza ikizibwa unaona mtu anatupa akiwa amepinda mwili, mkono wa beki usoni. Lugogo, uwanja wa ligi ya Uganda jijini Kampala, ni wachache wanaombana hivyo kwa dakika 40, ndiyo maana tatizo halionekani nyumbani.

Dawa ni mchezeshaji wa pili uwanjani pamoja na Enabu, si nyuma yake benchi. Tonny Drileba anafunga vizuri, lakini mwacheni apokee mpira akiwa tayari kutupa, asiupandishe yeye.

Ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, nazo zinauma sana. Mpinzani akiokota mpira wake uliogonga chuma anapewa sekunde 14 mpya, na James Okello peke yake hawezi kuziba watu wawili. Nafasi za wachezaji wa kigeni ziende kwa mtu mrefu kwanza, mfungaji baadaye.