Aliacha dawa akiwa sawa, sasa halali

SWALI: Daktari habari. Kaka yangu ana miaka 26, mwaka juzi tuliambiwa ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, akalazwa wiki tano, akatoka akiwa poa hadi akarudi kazi ya mjengo. Mwezi wa nne akasema ameshapona akaacha dawa, na mama akamuunga mkono juu zilikuwa zinamfanya kama zoba. Miezi miwili hakukuwa na shida yoyote. Sasa usiku halali na amefunika tv na shuka eti inamsikiliza. Tulikosea wapi? – Dada mtu, Kayole

JIBU: Pole sana dada. Hiyo miezi miwili mizuri ndiyo hudanganya watu wengi, kwa sababu ugonjwa huu haurudi kesho yake ukiacha dawa, unangoja wiki ama miezi, na hapo nyumbani mnaona kumbe alikuwa amepona kweli. Mwaka 2012 watafiti walikusanya majaribio 65, wakaona ndani ya kama mwaka mmoja walioendelea na dawa waliugua tena 27 kwa kila 100, na waliotolewa kwenye dawa wakawa 64. Yaani hata anayemeza vizuri anaweza kurudi chini, lakini kuacha ndiko kunaangusha wengi zaidi.

Sasa mama usimlaumu, alichoona ni kweli. Dawa zingine zinakaza mwili, mkono unatetemeka, mtu analala mchana kutwa, na ukiwa mjengoni unapanda ngazi na mawe hiyo si kitu ndogo. Shida ni kwamba hakuna aliyerudi kumwambia daktari, na yeye angepunguza dozi ama abadilishe dawa, kuna hata sindano ya kila wiki mbili ama ya mwezi kwa wale wanaochoka na tembe za kila siku.

Muulize polepole pia kama anavuta bangi ama anatafuna muguka. Bangi inajulikana kabisa kwa kurudisha huu ugonjwa, na muguka unamnyima usingizi ambao tayari hana.

Na kelele za nyumbani. Utafiti ulianzia London miaka ya 1950 na ukarudiwa nchi nyingi, mgonjwa akirudi kwa nyumba ya lawama na kufokewa anaugua tena haraka zaidi. Kwa hivyo hiyo shuka iacheni hapo kwa tv, msibishane naye na msimcheke, mwambie tu naona una wasiwasi na hujalala, twende tuonane na daktari.

Mpeleke wiki hii, usingoje kliniki ya mwezi ujao, na ubebe paketi za zile dawa za zamani. Usimwanzishie mwenyewe na usimfichie kwa uji, akigundua hatakula tena chakula chenu. Akianza kusema sauti zinamwambia ajiue ama aumize mtu, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mama naye aende, aeleze huo uzoba mwenyewe, maana yeye ndiye aliuona.