Pendo ni wa baba yako

Mwanangu Masanja,

Umeuliza imekuwaje vipimo vyako na vya Pendo, vya kumpandikizia uloto wa mifupa, visilandane hata kidogo, na ninyi ni tumbo moja, damu yenu wote ni O. Hukuandika "baba mmoja", lakini nimekuelewa. Shangazi yako yeye kalisema wazi pale Mwaloni Kirumba, mbele ya wanunuzi wa dagaa.

Jeni walizopima, wanaziita HLA, zimekaa jirani jirani kwenye kromosomu ya 6, ndiyo maana mtoto huzirithi kwa fungu, si mojamoja. Kila mzazi ana mafungu mawili, anatoa moja. Chukulia doti ya khanga ambayo vipande vyake havifanani. Mimi nina chekundu na cha bluu, baba yako ana cha kijani na cheusi. Wewe ukapata chekundu na cha kijani, Pendo cha bluu na cheusi. Wote mmetoka kwetu, na hakuna kipande mnachofanana. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja hilo hutokea mara moja katika nne. Kulandana kabisa nako ni moja katika nne, waliobaki hulandana nusu. Kundi la damu halina usemi hapo, jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9.

Sasa tazama majibu ya baba yako. Amelandana nusu na wewe, nusu na Pendo. Asingekuwa wake, hilo fungu la baba yako Pendo angelitoa wapi? Karatasi ninayo, shangazi yako akitaka aje asomewe.

Mimi linaloniuma ni kwamba uloto wako haumfai Pendo, na selimundu haimpi nafasi. Juzi upepo wa ziwa ulivyokuja na baridi, vidole vilimuuma hata kushika kikombe akashindwa. Sisi wazazi ni nusu tu. Kupandikiza kwa nusu kupo, ila madaktari hutafuta kwanza ndugu aliyelandana kamili.

Amebaki ndugu yenu Mabula. Kukosa kwako hakumwongezei wala hakumpunguzii, bahati yake ni ileile, moja katika nne. Anatolewa damu Jumatatu, shule nimeshamwombea ruhusa. Akilandana tutaelekea Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanakopandikiza uloto kwa watoto wa selimundu. Nauli yetu ipo. Ya Mabula tuma wewe ukipokea mshahara.

Mama yako