Mkataba wa nyumba umeisha na bado umo ndani: siku saba hazitoshi

Ndugu uliyeuliza: mkataba wako wa mwaka uliisha 31 Desemba, ukalipa kodi ya Januari, Februari na Machi kwa M-Pesa, mwenye nyumba akapokea kimya kimya. Sasa ni Aprili, amekuandikia utoke ndani ya siku saba. Hapa Kenya jibu liko kwenye kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi ya 2012.

Mwenye nyumba akipokea kodi baada ya mkataba kuisha, hilo peke yake halimaanishi amekubali ubaki. Ila akiendelea kuipokea kwa miezi miwili nawe ungali ndani, sheria inahesabu kwamba mna upangaji mpya wa mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo zile jumbe za M-Pesa ndizo silaha yako, usizifute.

Upangaji wa namna hiyo huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, tena iishie siku ya kulipa kodi. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kama kodi yako ni ya tarehe 1 na barua imekufikia 10 Aprili, haiishi 10 Mei, inaishia 1 Juni. Wewe ukitaka kuhama, hesabu ni hiyo hiyo.

Upande wako nao una mzigo. Hata kama mwenye nyumba hakuridhia ubaki, masharti yote ya mkataba wa zamani yanakubana mpaka uache nyumba: kodi, usafi, kutunza vitu. Na kuacha nyumba si kwenda kulala kwingine. Ukibakiza kitanda kimoja na funguo zikawa mfukoni mwako, ana hoja ya kukudai kodi. Siku ya kutoka piga picha kila chumba, na mita za stima na maji, kisha mpe keateka funguo akuandikie karatasi yenye tarehe na sahihi. Bila karatasi hiyo, ugomvi wa depoziti huwa ni neno lako dhidi ya lake.

Mwenye nyumba akibadilisha kufuli, akang'oa mlango au akakukatia maji ili utoke, amejichukulia sheria mkononi. Kukutoa kwa nguvu kunahitaji amri ya mahakama. Dalali wa mnada mwenye leseni anaweza kukamata mali kwa malimbikizo ya kodi, lakini hiyo si ruhusa ya kukufungia nje.

Kama ni duka au hoteli, sahau hesabu ya mwezi mmoja. Mkataba usioandikwa, au ulioandikwa wa miaka isiyozidi 5, unalindwa na Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa: notisi ni miezi miwili, kwa fomu maalumu, nawe unapeleka pingamizi kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Ukichelewa, unaweza kujiharibia.