Chokaa ya mnara huo atapaka nani?

Mhariri,

Juma hili mmetuuliza kama serikali ijenge mnara hapa Lamu wa kuwakumbuka wanajeshi wetu waliokufa vitani. Jibu langu ni la. Na mngeniuliza mimi, ningependa swali liwe hili: mnara huo utaandikwa majina ya nani, na baada ya miaka 5 yatakuwa yanasomeka?

Maana mnara wa serikali ukishushwa gatini tunajua utakavyokuwa: zege, nondo, vigae vinavyong'aa, na kibao chenye jina la mheshimiwa aliyekata utepe. Nondo itafunikwa kwa zege la sentimita 2, wakati hewa ya Amu, ndiyo Lamu yetu hii, inataka 5 zisizopungua. Chumvi ikishafika kwenye chuma, kutu inaanza, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Zege linapasuka kutoka ndani na kumomonyoka vipande vipande. Rangi ya juu inaficha tu. Na kama mchanga umechotwa ufukoni kwa sababu ndio wa karibu, basi chumvi haikungoja upepo, imekorogwa humohumo tangu siku ya kwanza.

Hayo lakini yana dawa. Lisilo na dawa ni lile la Nairobi. Wengi wanaopita pale Kenyatta Avenue wanaona sanamu za askari watatu. Si askari watatu. Mmoja ni askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, mmoja ni mpagazi, na mwingine ni mshika bunduki wa Kiarabu, yaani mtu wa pwani hii yetu. Zilizinduliwa 1928, kwa ajili ya vita vya 1914–1918. Wapagazi walibebeshwa mizigo kichwani kwa sababu mbung'o walimaliza ng'ombe na punda, na waliouawa na kuhara damu, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Walikuwa wakipewa unga usioiva, matumbo yakawavurugika. Maandishi yaliyo chini ya sanamu ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawaahidi kwamba hata wakifa, wana wao watalikumbuka jina lao. Jina lenyewe halipo. Hata moja. Wakati huohuo, kule Taveta na Voi, Wazungu wa vita hivyohivyo walichongewa mawe yenye majina.

Iliwachukua Waingereza karibu miaka 100 kukiri. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kilichobaki cha wapagazi ni jina la masoko: Kariakoo kule Dar es Salaam, Kariokor Nairobi, yote kutokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi. Ilhali Malindi, Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga siku chache tu Aprili 1498 ana nguzo yake mpaka leo, na watalii wanalipa kuiona.

Msidhani hayo ni ya wakoloni peke yao. El Adde, kambi ya wanajeshi wetu Somalia iliyovamiwa na al-Shabaab, ilikuwa 15 Januari 2016, na serikali ilikaa muda mrefu bila kutangaza wameanguka wangapi. Halafu mmeandika "wanajeshi". Je, polisi wa akiba? Je, dereva wa lori aliyelipuliwa na bomu la kutegwa njia ya msitu wa Boni? Hao ndio wapagazi wa leo, na naona wameshaachwa nje kabla hata msingi haujachimbwa.

Nikifika hapa, ile "la" yangu imelegea kidogo. Ukuta wa majina ningeukubali. Sanamu la, Amu hatuna haja nazo. Ukuta wa kimo cha kifua, wa mawe ya matumbawe ya kisiwa cha Manda, wenye baraza mbele ili mtu akae. Chokaa ndoo 1 kwa mchanga wa bara ndoo 3, na hiyo chokaa iwe imelowekwa wiki kadhaa, si ya jana. Ukuta ufunikwe kwa magunia mabichi wiki nzima, ukikaushwa na jua unachanika. Plasta ya saruji juu ya matumbawe msithubutu: inafungia unyevu ndani, na chumvi inaisukuma mpaka inabanduka kama ukoko.

Majina yasichongwe kwenye tumbawe, lina matundu. Granaiti nyeusi iliyosuguliwa ndiyo inayofaa: herufi ikichongwa milimita 3 hubaki ya kijivu na husomeka bila rangi ya dhahabu, ambayo hapa hutoka upesi. Herufi za milimita 25, safu mbili, mita moja mraba inabeba majina 40 hivi. Kwa hiyo msituambie nafasi ni ndogo. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu namba 316. 304 hutoa madoa ya kahawia.

Kazi ngumu ni orodha. Kitambulisho kinasema Uthman, mama yake anasema Athmani, na "bin" imepotelea ofisini. Orodha ibandikwe misikitini, makanisani na kwa machifu siku 60, watu wasahihishe, ndipo patasi iguse jiwe. Yapangwe kwa alfabeti, jenerali asimtangulie kuruta.

Basi jengeni, ikiwa fungu la kupaka chokaa kila mwaka limeandikwa kwenye bajeti kabla ya fungu la sherehe. Bila hilo narudi kwenye la yangu. Na msiuweke kwenye kona ya uwanja wa Mkunguni ambapo punda hujikuna, hautamaliza mwezi.

Msomaji wenu,
Langoni, Amu