Namba 28 si kipimo cha fremu

SWALI: Nina urefu wa sentimita 172, na ninakusudia kusafiri kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kupitia Bagamoyo na Pangani, nikiwa na hema na mizigo. Muuzaji wa baiskeli za mtumba amenishauri nichukue “ya 28” badala ya “ya 26” kwa kuwa mimi ni mrefu. Je, yuko sahihi?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Muuzaji huyo amekueleza habari za magurudumu, ilhali wewe wahitaji habari za fremu. Namba 26 na 28 ni inchi za gurudumu, na baiskeli mbili “za 28” zaweza kuwa na fremu zinazopishana kwa sentimita 10. Fremu hupimwa kutoka katikati ya ekseli inayozungushwa na pedali hadi juu ya bomba linalobeba kiti.

Kabla hujarudi dukani, pima mguu. Simama pekupeku ukiegemea ukuta, bana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, kipandishe hadi kikukaze kama kiti kinavyokaza, kisha mwenzako apime kutoka ukingo wake wa juu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.66: mguu wa sentimita 80 huhitaji fremu ya karibu 53, iwapo bomba la juu limelala sawa bila kuinama. Halafu livukie bomba hilo ukiwa na viatu vya safari. Kati yako na bomba pabaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5, maana baiskeli yenye mzigo ikikwama mchangani utashuka bila kujiandaa.

Kimo cha kiti hurekebishwa kwa spana moja, lakini umbali wa kufikia usukani ni shida zaidi, na wanaosogeza kiti mbele ili waufikie huishia kulalamikia magoti. Ukijikuta kati ya saizi mbili, mimi ningechukua kubwa, mradi nafasi ile ipo na mikono haijinyooshi mno, kwa sababu usukani wake hukaa juu na mgongo hauinami kutwa nzima.

Hata hiyo 28, kwa bahati mbaya, ziko mbili: rimu ya baiskeli nyingi za Ulaya ina kipenyo cha milimita 622, na ya Phoenix kubwa 635. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine, kwa hiyo soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa.