Fenobabitoni ya binadamu kwa mbwa mwenye kifafa

Je, mbwa mwenye kifafa anaweza kupewa fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, iliyotengenezwa kwa binadamu? Ndiyo, inafaa. Fenobabitoni ya mifugo ikikosekana Kampala, ya binadamu ni dawa ileile, na vidonge vya miligramu 30 ni vya kawaida. Linganisha miligramu, si idadi ya vidonge: aliyekuwa akipewa 60 kila baada ya saa 12 ameze viwili vya 30. Cheti cha daktari wa mifugo ni lazima, maana dawa hii inadhibitiwa. Epuka ya maji. Nyingine zina pombe au zailitoli, kitamu cha badala ya sukari ambacho ni sumu kali kwa mbwa. Anza kutafuta dawa nyingine wakati kopo bado lina vidonge vya wiki mbili. Tafadhali usikatishe ghafla: kifafa hurudi mfululizo, na mbwa anaweza kufa.