Barabara ni ya umma, lakini shamba lina mwenyewe

SWALI: Mimi na wenzangu wawili hupenda kutazama ndege kando ya barabara za vijijini huko Kinangop Kusini, nyanda za juu za Kenya, hasa tukimtafuta Macronyx sharpei, ndege wa nyasi mwenye kifua cha manjano. Hatuvuki ua wa mtu. Hata hivyo, juzi mzee mmoja alitujia akifoka tuondoke, na vijana wa bodaboda wakatuzingira. Kwani barabara si ya umma? Mwongozaji mmoja ametushauri tucheze sauti ya ndege huyo kwa spika ili ajitokeze upesi, tuondoke kabla watu hawajajaa. Je, ni sawa?

JIBU: Ndugu, barabara ni ya umma na mlikuwa na haki ya kusimama pale. Hapo hatuna ubishi. Linalonikera, kwa kuwa naletewa swali hili kila mara, ni ile dhana kwamba ukishakuwa na sheria upande wako, mwenye shamba hana la kukuuliza.

Hebu simama upande wa pili wa seng'enge. Gari geni limeegeshwa karibu na lango lako. Watu watatu usiowajua, mmoja na darubini ya miguu mitatu, mwingine na kamera yenye lenzi ndefu, wanakagua malisho yako, na nyuma ya malisho kuna nyumba, zizi na watoto. Ndege mwenye kifua cha manjano aliyejibanza kwenye shungi la nyasi humwoni. Unaona wapima ardhi, madalali, au wapelelezi wa wezi wa mifugo. Na Kinangop wana sababu ya kushtuka. Mradi wa umeme wa upepo uliopangwa huko, wa megawati 60 hivi, ulivunjwa mwanzoni mwa 2016 baada ya wenyeji kuupinga vikali kwa sababu ya ardhi. Mtu aliyepitia hayo akiona mgeni ameelekeza chombo shambani mwake, hawezi kuendelea kukama kana kwamba hakuna jambo.

Halafu, mzee huyo mliyemwona mkorofi ndiye anayeamua kama ndege wenu ataendelea kuwepo. Macronyx sharpei hapatikani popote duniani ila nyanda za juu za Kenya, na ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Anataka nyasi fupi zenye mashungi, na kiota chake hukijenga chini, kwenye shungi lenyewe. Malisho yakigeuzwa shamba la viazi au kabeji, hana pa kukaa. Shirika la Nature Kenya limenunua vipande kadhaa vya nyasi huko na kuvihifadhi, lakini sehemu kubwa ya ardhi ya Kinangop ni ya watu binafsi. Anayeendelea kufuga kondoo na ng'ombe wa maziwa anamtunza ndege huyo, wala hakuna anayemlipa. Mkimchosha kwa kiburi cha "barabara ni ya umma", mnamchosha mtu msiyeweza kumkosa.

Sasa hiyo spika. Aliyewashauri anajali bahashishi yake tu. Dume akisikia sauti ile hudhani mwenzake amevamia eneo lake. Huacha kula na kulinda kiota, akapanda juu ya nguzo ya ua kupigana na adui asiyekuwepo, huku mwewe akimwona waziwazi. Kesho linakuja kundi jingine, mahali palepale, kwa kuwa ndipo panapofikika kwa gari. Wala spika haipunguzi watu: mlio mgeni kwenye mashamba yaliyotulia huwaita vijana haraka kuliko gari lenu.

Wapo pia wanaojiita waongozaji ambao humpa kijana wa langoni kitu kidogo, mwenye shamba asijue, na wengine huuza pini za ramani, yaani alama za mtandaoni zinazoonyesha mahali kamili alipo ndege. Haya hayako Kinangop pekee; nayaona kwenye mpunga wa Mwea na pembeni mwa vipande vya misitu ya Taita. Wanaovuna fedha huondoka na wageni wao, wakawaachia wenyeji hasira, na wewe unayekuja wiki inayofuata ndiye unayefokewa.

Nyinyi pitisheni gari mbali na lango, msimame mahali ambapo nyuma ya ndege hakuna nyumba. Salimieni kabla ya kutoa kamera. Mtu akija, shusheni darubini, mwambieni mnachotafuta, kisha mpeni naye atazame. Akisema ondokeni, ondokeni bila kumsomea sheria. Mkitaka kuingia, ombeni kuonana na mwenye shamba mwenyewe, na malipo mumkabidhi yeye mkononi. Wanachama wa kikundi cha Friends of Kinangop Plateau ni wenyeji, waendeeni kwanza.

Na picha mkizipakia mtandaoni, msiweke pini ya shamba. Hata mradi wa Kenya Bird Map, unaokusanya takwimu za kisayansi, hutumia miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Anayewadai mahali kamili kuliko hapo, muulizeni anapataka kwa kazi gani.